Safari ndefu na mtoto mdogo: maji, barabara na homa inayokuja baadaye

Shule zikifungwa mwezi wa Desemba, Stendi ya Magufuli pale Mbezi hujaa akina mama wenye mtoto mgongoni, mwingine mkononi na begi kichwani. Wanakwenda Moshi, Mbeya, Mwanza, Bukoba. Nauli imetafutwa mapema, nguo za sikukuu zimenunuliwa, zawadi ya bibi imefungwa. Kinachosahaulika ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 5 hasafiri kama mtu mzima. Anaishiwa maji mwilini haraka, hawezi kujishikilia basi likifunga breki ghafla, na kama amekulia mahali pasipo na malaria nyingi, mwili wake hauujui ugonjwa huo.

Maelezo haya ni kwa mama, na pia kwa baba, bibi, shangazi au dada anayemsindikiza mtoto. Tumechukua mfano wa safari ya basi kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani kwa sababu ndiyo inayofanywa na familia nyingi. Anayesafiri kwa gari dogo, treni au meli atapata pia yanayomhusu.

Kabla ya kukata tiketi

Swali la kwanza ni kama mtoto anafaa kusafiri. Mtoto mwenye homa, anayeharisha au anayepumua kwa shida apelekwe kituo cha afya kwanza. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,400, na katikati ya mapori hakuna wa kumpima. Tarehe ya tiketi hubadilishika, hata kama itabidi kubembelezana na wakala.

Chukua kadi ya kliniki. Kama chanjo inaangukia siku mtakazokuwa huko, mtoto anaweza kuchanjwa kwenye kituo cha huko, na kadi ndiyo itakayomwonyesha muuguzi kilichobaki. Angalia hasa chanjo ya surua na rubela, inayotolewa akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18. Surua huambukiza kwa njia ya hewa, na basi lililojaa watu kwa saa kumi na zaidi ni mahali pazuri sana pa kuisambaza.

Mtoto anayetumia dawa kila siku, iwe ni ya selimundu, kifafa, pumu au ARV, abebe dozi za siku zote za safari na za wiki moja zaidi. Dawa hizo zikae kwenye mkoba ulio mapajani mwako. Zikiwekwa kwenye buti ni kama umeziacha nyumbani, maana pumu ikimbana mtoto saa nane mchana hakuna atakayesimamisha basi ili mizigo ipekuliwe. Kwa mtoto mwenye selimundu ongea na kliniki yake kabla ya kuondoka: kiu, baridi na malaria vyote vinaweza kumwanzishia maumivu, na safari inaweza kuleta vyote vitatu.

Kuhusu muda, tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na wazazi wengi wanaupenda usiku kwa sababu watoto hulala. Sisi tungechagua mchana. Dereva anaona vizuri zaidi, wewe unamwona mtoto vizuri zaidi, na mkipata tatizo ni rahisi kupata msaada. Anayekwenda Morogoro au Dodoma ana treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Ina vyoo na mtoto anaweza kunyoosha miguu, jambo ambalo kwa mwenye watoto wawili lina thamani kuliko tofauti yoyote ya nauli.

Kumpakata

Karibu kila mama humpakata mtoto ili kuokoa nauli. Hatutalaumu mtu kwa hilo. Nauli za Desemba tunazijua. Lakini ni vizuri kuelewa kinachotokea. Basi linalokwenda kwa kasi likigonga kitu na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 hurushwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake mara nyingi. Hakuna mikono ya kumzuia, hata ya mama yake.

Kwa hiyo, kama unaweza kulipia kiti kimoja zaidi, mpe mtoto mwenye umri wa miaka mitatu au minne kiti chake na umfunge mkanda, ule wa kiunoni ukae chini kwenye nyonga na si juu ya tumbo. Kama lazima umpakate, jifunge mkanda wewe peke yako kwanza, kisha mshike mtoto nje ya mkanda. Usiufunge mkanda mmoja ukawazunguka nyote wawili. Inaonekana kama ulinzi, lakini mkigonga, uzito wa mwili wako wote utamkandamiza mtoto kwenye ule mkanda. Kaeni katikati ya basi. Kiti cha mbele kabisa karibu na kioo, na kile kilicho mlangoni, viachie watu wazima.

Kwenye gari dogo mtoto akae kiti cha nyuma. Kichanga awe kwenye kiti chake maalum kinachotazama nyuma ya gari, na kamwe kiti hicho kisiwekwe mbele mahali penye mfuko wa hewa: ukifumuka unaweza kumuua.

Halafu kuna kile kipande cha mwisho, kutoka stendi ya wilaya hadi kijijini. Mmechoka, giza linaingia, na bodaboda yupo tayari kuwabeba mshikaki, mama na watoto wawili na begi juu. Baada ya kilomita 600 salama, hiki ndicho kipande cha kuogopa. Piga simu mapema, ndugu awatafutie bajaji au gari la kuchangia, au laleni mjini muondoke asubuhi.

Kutapika njiani

Kichefuchefu cha safari huwapata zaidi watoto wa kuanzia miaka 2 hadi 12. Masikio ya ndani yanaiambia akili kwamba mwili unakwenda, huku macho yanaona kiti kilichotulia, na ubongo unachanganyikiwa. Ndiyo maana kumpa mtoto simu aangalie katuni kwenye milima ya Kitonga ni kumtafutia matapishi. Mkalishe aone nje, mbali kule mbele. Mpe chakula chepesi saa moja au mbili kabla ya kuondoka. Tumbo tupu kabisa na tumbo lililojazwa chapati na soda yote mawili hutapisha. Fungua dirisha kidogo, lakini mikono na kichwa vibaki ndani.

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku mwaka 2019, wengi hujikuta hawana cha kukinga. Kopo kubwa la siagi lenye kifuniko linafaa sana, pamoja na khanga kuukuu na nguo moja ya kubadilisha mkononi.

Usimpe mtoto dawa ya mafua au ya mzio ili alale njiani. Desturi hii imeenea, na wapo wauza dawa wanaoishauri. Baadhi ya dawa hizi zinazoleta usingizi zinaweza kupunguza upumuaji wa mtoto mdogo, na zile zenye promethazini hazitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Ubaya wake ni kwamba mtoto anayelala kwa dawa na mtoto anayezidiwa wanafanana, na ndani ya basi lenye giza hutajua tofauti. Kama mwanao hutapika kila safari, muulize daktari kabla ya siku ya kuondoka.

Kunywa na kula

Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya hahitaji maji, hata joto la Morogoro likiwa kali kiasi gani. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji. Anachohitaji ni kunyonya mara nyingi zaidi. Anayehitaji maji ni wewe. Akina mama wengi hujinyima kunywa siku nzima kwa kuogopa kumwomba dereva asimame wachimbe dawa, kisha wanashangaa mtoto analia na kunyonya bila kuridhika. Kunywa. Basi likisimama Korogwe au Dodoma, shuka hata kama hujisikii.

Kama mtoto anatumia maziwa ya kopo, usiyachanganye asubuhi ukayabeba. Maziwa yaliyokorogwa yakikaa kwenye joto yanakuwa shamba la vijidudu. Beba unga uliopimwa kwenye kikopo kikavu na maji ya moto kwenye chupa ya chai, ukoroge pale anapohitaji, yapoe, umnyweshe kwa kikombe. Kinachobaki kimwagwe.

Kwa mkubwa kidogo, chukua vyakula vyenye ganda au vikavu: ndizi, machungwa, mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, viazi vitamu, mkate. Wali na nyama vilivyopikwa alfajiri visiliwe saa saba mchana, hata kama havijaanza kunuka. Vijidudu havingoji harufu. Vya dirishani pale basi linaposimama, chagua kinachomenywa na ukimenye mwenyewe. Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Kipande cha sabuni na chupa ya maji ya kunawia visikose mkobani.

Karanga, korosho, pipi ngumu na bisi visiliwe na mtoto mdogo ndani ya gari linalotembea. Shimo moja barabarani linatosha kukisukuma kitu hicho kwenye njia ya hewa. Mtoto akipaliwa na hawezi kulia wala kukohoa, usimtie kidole kooni. Mwinamishe kichwa kikiwa chini ya kifua, umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Isipotoka, kwa mtoto wa chini ya mwaka 1 mgeuze chali na umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Kwa mkubwa zaidi, simama nyuma yake, kunja ngumi juu kidogo ya kitovu, uvute kwa nguvu ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu mpaka kitu kitoke, na mtu mwingine awe anatafuta msaada.

Akianza kuharisha

Kuharisha ni ugonjwa wa safari kuliko mingine yote, na kinachoua ni maji yanayopotea. Ndiyo maana tunasema pakiti mbili au tatu za ORS ziwe kwenye mkoba kabla hata ya nepi. Zinapatikana kwenye maduka ya dawa, na ni za bei ndogo.

Soma pakiti: nyingine huchanganywa na lita 1, nyingine na nusu lita. Chupa ya maji ya dukani yenye ujazo ulioandikwa ni kipimo kizuri mkiwa safarini. ORS ikiwa na maji machache mno inakuwa na chumvi nyingi na inaweza kumdhuru. Ikiwa na maji mengi mno haisaidii. Mtoto wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, na wa miaka 2 na kuendelea mililita 100 hadi 200. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Iliyokaa saa 24 mwaga. Anayenyonya aendelee kunyonya. Soda na juisi za paketi si mbadala: sukari yake nyingi huvuta maji zaidi kwenye utumbo.

Mkifika kituo cha afya, atapewa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Vimalize, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu.

Macho yaliyozama, kulia bila machozi, mdomo mkavu, kukojoa kidogo sana, na ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi taratibu: hizo ni dalili kwamba maji yamepungua sana. Shukeni kwenye mji wowote wenye hospitali. Nauli iliyobaki si hoja.

Nyumbani kwa bibi

Nyumba ya bibi haikujengwa kwa ajili ya mtoto wa mjini. Siku ya kwanza, zunguka naye uwanjani, kwa heshima, bila kumfanya mwenyeji aone unakagua. Angalia kisima kisicho na mfuniko, ndoo na pipa la maji, mafiga jikoni, mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda, dawa ya mahindi au kahawa chini ya kitanda, vidonge vya presha vya babu mezani. Ukimwambia bibi, "Mama, huyu mwanetu anagusa kila kitu, tusaidiane kuviweka juu," hakuna atakayekasirika.

Maji ya kunywa ya mtoto yachemshwe mpaka yatokote, yafunikwe, yachotwe kwa kikombe chenye mkono. Kando ya Ziwa Victoria usimwachie aoge au achezee majini ufukweni kwa sababu ya kichocho, na kwa sababu maji hayo ni ya kuzama pia. Akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na umpeleke hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama mbwa ni wa jirani na jeraha ni dogo. Na kwenye baridi ya Njombe au Lushoto, jiko la mkaa lisilale chumbani. Moshi wake usioonekana huua familia nzima ikiwa usingizini. Mvalisheni mtoto soksi na kofia, alale katikati ya watu.

Malaria

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria kwa takriban watoto 8 kati ya 100 wa chini ya miaka 5 Tanzania Bara. Wastani huo unaficha mengi. Tabora walikuwa zaidi ya 20 kati ya 100, Mtwara na Kagera hawako mbali na hapo, ilhali Kilimanjaro na Arusha hawakufika hata 1. Mtoto anayekulia Moshi au Arusha, na hata sehemu nyingi za Dar es Salaam, hajakutana na malaria mara kwa mara, hivyo hana ule uzoefu wa mwili ambao binamu zake wa Kagera wameupata. Watalala chumba kimoja, wataumwa na mbu walewale, na yeye ndiye atakayezidiwa.

Beba chandarua chenye dawa kutoka kwako. Usitegemee cha ugenini: wageni wakiwa wengi, vyandarua havitoshi, na watoto ndio hulazwa sebuleni kwenye mkeka. Mbu waenezao malaria huuma usiku, kwa hiyo jioni wakati hadithi zinanoga nje, mvalishe mikono mirefu na suruali. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu isitumike kwa mtoto wa chini ya miezi 2, na kwa mkubwa zaidi usiipake viganjani kwa kuwa atajilamba. Mama mjamzito naye yumo katika hatari hii; alale ndani ya chandarua na asikose dozi zake za kliniki.

Usimpe dawa mseto kabla ya safari "kumkinga". Ni dawa ya kutibu aliyepimwa akakutwa na malaria, na kumpa namna hiyo hakutamlinda wiki zijazo.

Mkisharudi

Malaria haionekani siku ileile ya kuumwa na mbu. Kwa kawaida huchukua siku 7 au zaidi, mara nyingi kati ya siku 10 na wiki 4. Maana yake ni kwamba mtoto aliyeumwa na mbu kule Bukoba tarehe 28 Desemba anaweza kuanza homa Arusha katikati ya Januari, shule zimefunguliwa na safari imesahaulika. Kwenye kituo cha eneo lisilo na malaria nyingi, homa hiyo inaweza kuchukuliwa kuwa mafua au ya meno, ikapewa parasetamoli, na siku mbili zikapotea. Kwa mtoto mdogo, siku mbili ni nyingi.

Kwa hiyo, kwa mwezi mzima baada ya kurudi, mtoto akipata homa mpeleke siku hiyohiyo, na sentensi ya kwanza utakayomwambia muuguzi iwe: "Tulikuwa Kagera, tumerudi tarehe fulani, naomba apimwe malaria." Kipimo cha haraka ni tone la damu la kidoleni, na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Kikionyesha hana na homa ikaendelea, rudi apimwe tena.

Usingoje zamu wala asubuhi kama mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, au anapumua kwa shida. Kichanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa apelekwe hospitali mara moja, awe amesafiri au hakusafiri. Mtu mwingine akimpeleka kwa niaba yako, mwandikie kwenye karatasi ndani ya kadi ya kliniki mahali mlipolala na tarehe mlizokuwa huko.